Kutoka Filamu Hadi Dijitali: Lenzi Zipi Zibaki, Zipi Ziuzwe, Zipi Zinunuliwe

Ukihama kutoka kamera ya filamu kwenda ya dijitali, kitu cha kwanza utakachopoteza ni upana. Lenzi ya 28 iliyokuwa ikimeza sebule nzima kule Umoja siku ya ruracio, ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu, sasa itakata wajomba wawili upande huu na shangazi mmoja upande ule. Utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, na bado hawatoshi. Watu wengi hapo huilaumu lenzi na kukimbilia kuiuza, ilhali lenzi ni ile ile. Kilichobadilika ni ukubwa wa kile kinachopokea mwanga nyuma yake: zamani filamu, sasa sensa ya kielektroniki.

Hatua zilizo hapa chini zinaanza na lenzi ulizonazo, zinapitia hesabu na maunti (pale lenzi inapojifunga kwenye kamera), na bodi, yaani kamera bila lenzi, inakuja baadaye. Dukani mambo hupangwa kinyume: unauziwa bodi kwanza kwa sababu ndiyo inayong'aa, kisha unafika nyumbani na kugundua kwamba lenzi tano za kabatini haziingii hata moja.

Hatua ya 1: Zitoe zote, uzisome

Tandaza kitambaa safi mezani, toa kila lenzi, na uandike mambo manne kwenye karatasi: milimita zake, namba yake ndogo kabisa ya f (kipimo cha tundu linalopitisha mwanga), aina ya maunti, na kama fokasi ni ya mkono au inajiendesha yenyewe. Mawili ya kwanza yameandikwa kwenye pete ya mbele, kwa mfano 1:1.8 50mm. Hiyo 1.8 ndiyo tundu likiwa wazi kabisa.

Maunti ndiyo huwasumbua watu, maana mara nyingi haijaandikwa. Geuza lenzi uangalie nyuma. Ikiwa ina skrubu unayoizungusha kama kifuniko cha chupa, kipenyo milimita 42, hiyo ni M42, ile ya Zenit nyingi, Praktica za zamani na Pentax Spotmatic. Ikiwa ina pete ya fedha nyuma inayojizungusha peke yake huku lenzi imetulia, ni Canon FD za mwanzo. FD za baadaye huzungushwa lenzi nzima. Ikiwa haina pete ya tundu kabisa na nyuma kuna safu ya nukta za dhahabu za umeme, huenda ni Canon EF. Na ikiwa juu ya pete ya tundu kumechomoza masikio mawili ya chuma, hiyo ni Nikon ya mkono. Masikio hayo yatazame vizuri, tutayarudia.

Kisha fanya jambo moja ambalo watu hulipuuza. Chukua albamu zako za zamani, chagua picha thelathini unazozipenda, ukumbuke kila moja ilipigwa kwa lenzi gani. Mpiga picha wa harusi akifanya hivi hugundua kwamba karibu kazi yote ilibebwa na lenzi mbili. Hizo mbili ndizo zitakazoamua ununue nini. Zile nyingine ni mapambo ya mkoba.

Hatua ya 2: Hesabu ya sensa

Fremu ya filamu ya kawaida ina upana wa milimita 36 na kimo cha 24. Sensa kamili (full frame) ina ukubwa huo huo, kwa hiyo lenzi zako zitaona kama zilivyoona siku zote. Lakini kamera nyingi za bei ya kawaida zina sensa ndogo ya APS-C. Ya Nikon, Sony, Fujifilm na Pentax ni takriban 23.5 kwa 15.6, ya Canon ni ndogo kidogo, 22.3 kwa 14.9. Micro Four Thirds, inayotumiwa na Panasonic na Olympus (siku hizi OM System), ni 17.3 kwa 13.

Zidisha milimita za lenzi yako kwa 1.5 kwa kundi la kwanza, 1.6 kwa Canon, na 2 kwa Micro Four Thirds. Jibu ndilo linaloeleza lenzi itaonekana kama ipi ya zamani. Lenzi ya 28 kwenye Nikon ya APS-C itaona kama 42. Ya 50 itakuwa kama 75, na kwenye Canon 80. Ya 135 inakaribia 200. Milimita zenyewe hazijabadilika, ni kingo za picha tu zimekatwa.

Turudi sebuleni. Ukisimama mita 3 kutoka kwa watu, lenzi ya 28 kwenye filamu inaona upana wa mita 3.9 hivi. Lenzi hiyo hiyo kwenye APS-C ya 1.5 inaona mita 2.5. Watu sita waliokaa bega kwa bega wamekuwa wanne. Ili uwarudishe wawili waliopotea unahitaji lenzi ya 18, inayoona mita 3.9 kutoka pale pale uliposimama. Ndiyo maana lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na bodi, ambayo watu wa filamu huidharau kwa sababu ni ya plastiki, haifai kuachwa dukani. Huo upande wake wa 18 ndio 28 yako ya zamani.

Faida iko upande wa pili. Lenzi ya 50 f/1.8 iliyokuwa ya kila siku inageuka lenzi nzuri ya sura za watu, na ile ya 200 uliyokuwa ukiilalamikia kwamba haifiki inakuwa kama 300.

Kuna mambo matatu ambayo hesabu hii huyagusa kimyakimya. La kwanza ni mandhari ya nyuma. Ukipata fremu ile ile kwenye APS-C, ukungu wa nyuma ya mtu unapungua kwa kiasi cha stopu (hatua ya f) moja na kidogo: 50 f/1.8 itakupa mwonekano wa 75 yenye ukungu kama wa f/2.7. Mwanga unaoingia haubadiliki, kasi ya shata itabaki ile ile. La pili ni mtikisiko. Kama ulizoea kutopiga chini ya 1/60 kwa lenzi ya 50, sasa usishuke chini ya 1/80, na kwa 135 anzia 1/200. La tatu ni ile mistari ya kina cha fokasi iliyochongwa kwenye pipa la lenzi. Ilipimwa kwa filamu. Kwenye APS-C ukipiga f/8, soma mistari ya f/5.6, na kama picha itachapishwa kubwa, soma ya f/4.

Hatua ya 3: Maunti, mahali pesa hupotelea

Kila kamera ina kina chake, yaani umbali kutoka kwenye bamba la maunti hadi kwenye filamu au sensa. Lenzi hutengenezwa ili ikae umbali huo hasa. Ukiijua kanuni hii moja hutahitaji kumuuliza muuzaji: adapta, ile pete ya kuunganisha lenzi na kamera ya maunti nyingine, hufanya kazi vizuri pale tu kina cha kamera mpya kinapokuwa kifupi kuliko kina cha lenzi, kwa sababu adapta yenyewe inahitaji nafasi ya kukaa.

Kina cha mifumo ya filamu kwa milimita: Nikon F 46.5, Olympus OM 46, Contax/Yashica 45.5, M42 na Pentax K 45.46, Minolta ya fokasi ya kujiendesha 44.5, Canon EF 44, Minolta ya mkono 43.5, Canon FD 42. Kamera za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) ni fupi mno: Canon RF 20, Micro Four Thirds 19.25, Sony E 18, Fujifilm X 17.7, Nikon Z 16.

Sasa toa. Zenit yako ina lenzi ya M42, na unataka kuifunga kwenye Canon EOS ya kioo: 45.46 toa 44, inabaki milimita 1.46. Adapta nyembamba inatosha. M42 hiyo hiyo kwenye Nikon ya kioo: 45.46 toa 46.5, umepungukiwa. Lenzi itaingia, utafurahi, kisha utagundua inaona vizuri mtu aliye karibu tu, na majengo ya mbali yote ni ukungu. Ziko adapta zenye kioo cha lenzi ndani zinazorekebisha hilo, lakini kioo cha adapta ya bei rahisi hupunguza ukali wa picha mpaka unajiuliza kwa nini ulihangaika. Canon FD kwenye Canon EOS ni kesi hiyo hiyo, na ndiyo inayowauma watu zaidi: mwenye kamera ya filamu ya Canon AE-1 hudhani jina Canon kwenye bodi mpya linatosha. Halitoshi. Tangu EOS ilipoanza mwaka 1987 maunti ni nyingine kabisa. FD zako nenda nazo kwenye bodi isiyo na kioo, zitaishi vizuri huko.

*Nikon.* Maunti ya F imedumu tangu 1959, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa karibu kila kitu kinaingia lakini si kila kitu kinafanya kazi. Yale masikio mawili: kama ni mazima bila matundu, lenzi huenda ni ya kabla ya 1977, na ukiilazimisha kwenye bodi yenye kijino cha kusoma tundu, kama D7000, D300 au D700, unaweza kukivunja. Kama masikio yana matundu na kuna safu ya pili ya namba ndogo za f, ni AI, iko salama. Bodi ndogo za D3000 hadi D3500 na D5000 hadi D5600 hazina kijino hicho, hivyo hupokea hata za zamani, ila hazitakupimia mwanga kwa lenzi ya mkono. Utapiga kwa M (kila kitu unapanga mwenyewe) na kusoma grafu ya mwanga kwenye skrini. Kwenye D7000, D7100, D7200, D300 na D700, unaandika milimita na f ya lenzi kwenye menyu, nayo itapima.

Lenzi za Nikon zilizoandikwa AF au AF-D zina fokasi ya kujiendesha lakini hazina mota ndani, zinategemea mota ya bodi. Bodi ndogo nilizotaja hazina mota. D90, mfululizo wa D7000, D610 na D750 zinayo. Muuzaji akikuambia "hii D3400 inachukua lenzi zote za Nikon", amesema kweli nusu. Na ukinunua lenzi mpya ya AF-P, hakikisha bodi si ya zamani kama D90 au D3000, maana hapo fokasi haitaendeshwa hata kwa mkono, pete yake ni ya umeme.

*Canon EF.* Huyu ndiye mwenye bahati. Lenzi ya EOS ya filamu huingia kwenye EOS yoyote ya dijitali ya kioo, na kwenye zile za RF zisizo na kioo kupitia adapta, fokasi na tundu zikifanya kazi zote. Kuna tahadhari mbili. Lenzi za EF-S, zilizoanza 2003, ni za sensa ndogo tu, haziingii kwenye sensa kamili wala kwenye EOS ya filamu. Na baadhi ya Sigma za zamani zenye maunti ya EF huzungumza lugha ambayo bodi za dijitali hazielewi: ukipiga tundu likiwa wazi ni sawa, ukienda f/8 kamera inagoma na kuandika Err 99 au Err 01. Kwa hiyo Sigma ya mitumba usiijaribu kwa f/2.8 peke yake. Ipige f/8 na f/16 kabla ya kutoa pesa.

*Pentax.* Mwenye kamera ya filamu ya K1000 aliyebaki Pentax ana njia rahisi. Lenzi zote za K huingia. Kwenye menyu ruhusu matumizi ya pete ya tundu, weka M, bonyeza kitufe cha kijani, kamera itafunga tundu kidogo, itapima na kujiwekea kasi. Jihadhari na lenzi za Ricoh zenye pini ya ziada nyuma. Pini hiyo inaweza kudumbukia kwenye tundu la mota ya fokasi, lenzi isitoke tena bila fundi.

*Minolta.* Za fokasi ya kujiendesha huingia kwenye Sony A za kioo moja kwa moja. Za mkono ziende kwenye kamera isiyo na kioo.

Kwa M42 kuna kitu kidogo cha kuangalia kwenye adapta. Lenzi nyingi zina pini nyuma inayofunga tundu inaposukumwa. Kama lenzi yako haina swichi ya A na M, nunua adapta yenye ukingo wa ndani unaoibana pini hiyo. Bila hivyo utazungusha pete kutoka f/2 hadi f/16 na picha zote zitatoka zimepigwa f/2. Lenzi ya Helios 44-2 haina shida hiyo, pete yake hufunga tundu moja kwa moja.

Na ukifunga M42 kwenye Canon yenye sensa kamili kama 5D, usizungushe fokasi hadi mwisho na kufyatua. Baadhi ya lenzi hutokeza nyuma na kugongwa na kioo. Anza na fokasi ya karibu, usogee polepole, ukifyatua na kusikiliza.

Kama una lenzi pana za filamu na bodi ya APS-C isiyo na kioo, ipo adapta ya kupunguza, yenye kioo cha lenzi ndani kinachozidisha milimita kwa 0.71. Lenzi ya 28 inarudi kuona kama 30, na unaongezewa stopu moja ya mwanga. Ile nzuri si rahisi, na pembe za picha huwa laini kidogo tundu likiwa wazi. Kwa mwenye lenzi tatu nne za maunti moja inaleta maana. Kwa mwenye moja, 18-55 inamfaa zaidi.

Hatua ya 4: Kagua lenzi ya mitumba kabla M-Pesa haijatoka

Nenda mchana. Beba bodi yako, kadi yenye nafasi, simu yenye tochi na kitambaa. Fungua tundu kabisa, washa tochi nyuma ya lenzi, tazama kutoka mbele kwa mshazari, usiangalie tochi yenyewe. Vumbi kidogo ni la kawaida na halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni kuvu, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zinazoanzia ukingoni. Lenzi iliyokaa Mombasa miaka mingi ndani ya mkoba wa ngozi ikaguliwe mara mbili. Weupe uliotanda kama pumzi kwenye kioo baridi hupunguza utofauti wa giza na mwanga katika picha nzima. Rangi za upinde wa mvua kwenye ukingo wa kioo maana yake ni kwamba gundi kati ya vioo imeachia, na hilo mafundi wengi hawalitengenezi.

Mkwaruzo mdogo wa mbele hauna neno. Mkwaruzo wa nyuma ndio mbaya, unaonekana hasa ukipiga f/11 kuelekea mwanga.

Funga na kufungua tundu mara kumi. Vibati vyake viruke papo hapo. Vikisita au vikiwa na mafuta yanayometameta, picha za kwanza zitatoka nyeupe kupita kiasi, kwa sababu shata itakuwa imefunguka kabla tundu halijafika mahali pake. Tazama vichwa vya skrubu: vilivyochubuka ni ushahidi kwamba kuna mtu alishaifungua.

Sasa jaribio. Simama mbele ya ukuta wa matofali au duka lenye bango lenye maandishi hadi pembeni, kamera ikiwa sambamba na ukuta, upige tundu likiwa wazi, kisha f/5.6. Kuza picha uangalie pembe zote nne. Pembe zote zikiwa laini kidogo tundu likiwa wazi, ni tabia ya lenzi. Pembe moja ikiwa mbovu na nyingine tatu nzuri, kuna kioo kilichohama, huenda lenzi ilianguka. Irudishe. Mwisho elekeza kwenye kitu cha mbali, kilele cha jengo la KICC kinatosha, uhakikishe fokasi inafika. Kwenye adapta nyingi fokasi hupita hata alama ya mbali kabisa, kwa kuwa zimetengenezwa nyembamba kwa makusudi. Kwa hiyo usiiamini alama, amini jicho.

Lenzi za Takumar 50 f/1.4 za baadaye zinaweza kuwa na kioo cha ndani kilichogeuka rangi ya chai. Kioo hicho kina thoriamu, na umanjano wake hupungua lenzi ikianikwa dirishani siku nyingi. Weka karatasi ya foili chini yake, la sivyo utachoma pazia.

Hatua ya 5: Makosa ambayo filamu iliyaficha

Filamu haikuakisi mwanga kama sensa. Sensa ni bapa na inang'aa, hivyo mwanga hugonga, hurudi hadi kioo cha nyuma cha lenzi, na kurudi tena. Matokeo yake ni doa lenye weupe katikati ya picha, hasa ukifunga tundu sana, au ukungu juu ya picha nzima. Lenzi za zamani ambazo nyuma hazikupakwa vizuri ndizo huumia zaidi. Kivuli cha lenzi (hood) husaidia, na kwa sababu APS-C inaona sehemu ya kati tu, unaweza kutumia kivuli kirefu zaidi: cha 50 kwenye lenzi ya 35 huwa hakionekani.

La pili ni mstari wa zambarau. Piga bibi harusi mwenye gauni jeupe saa saba mchana, jua la Nairobi likiwa karibu utosini, kwa 50 f/1.4 ya zamani ikiwa wazi. Ukingo wa gauni utazungukwa na uzi wa zambarau. Funga hadi f/2.8 au f/4, utapungua sana.

La tatu ni kufunga tundu kupita kiasi. Waliozoea f/16 kwa picha za kikundi wakubali kwamba kwenye sensa ndogo yenye pikseli milioni 24, f/16 huanza kulainisha kila kitu. Ukali mwingi uko f/5.6 hadi f/8. Kwa watu waliojipanga safu tatu, f/8 inatosha ukilenga safu ya kwanza au kati yake na ya pili.

Ongeza hapo tabia ya mwanga. Filamu ya negativu husamehe ukizidisha mwanga. Sensa husamehe ukipunguza, lakini gauni lililoungua halirudi. Lenzi za mkono hukidanganya kipima mwanga cha kamera kwa urahisi, kwa hiyo angalia grafu baada ya kila badiliko la mwanga.

Vichujio vya zamani: cha kupunguza mng'ao (polarizer) cha aina ya zamani huvuruga upimaji na fokasi kwenye kamera ya kioo, unahitaji kile kinachoitwa circular (CPL). Flashi ya zamani nayo usiichomeke juu ya bodi mpya kabla fundi hajaipima, maana nyingine hurusha volti zaidi ya 200 kwenye kiatu cha kamera.

Hatua ya 6: Kupiga kwa lenzi ya mkono

Kwenye kamera isiyo na kioo, kwanza ingia kwenye menyu uruhusu shata ifyatuke bila lenzi, la sivyo kamera itakaa kimya. Bodi yenye kituliza mtikisiko ndani uiandikie milimita halisi za lenzi: 50 ni 50, usiandike 75. Washa rangi inayowaka kwenye kingo zilizo kwenye fokasi, lakini uitumie kukaribia tu. Kwa f/2 kwenda chini, kuza picha kwenye skrini hadi uone kope za jicho. Weka kamera kwenye A au Av, zungusha tundu kwa mkono, kamera itachagua kasi. Na usiiache ikitazama jua tundu likiwa wazi. Hakuna kioo cha kuikinga sensa.

Kwenye kamera ya kioo, usitafute ile duara iliyogawanyika katikati. Haipo. Skrini za siku hizi zimetengenezwa ziwe angavu, na hazikuonyeshi fokasi halisi ya f/1.4. Kwa lenzi ya adapta fanya hivi: fungua tundu, washa picha kwenye skrini ya nyuma, kuza, weka fokasi, funga tundu hadi f unayotaka, pima, piga. Ni polepole. Kwa picha ya pasipoti au chakula haisumbui. Kwa maharusi wanaotembea kutoka madhabahuni ni kujitafutia matusi, tumia lenzi ya kujiendesha.

Hatua ya 7: Nunua pengo

Kwa anayeanza na APS-C, 18-55 kwanza. Baada ya hapo inategemea kazi.

Mwenye kioski cha picha za pasipoti na sura hahitaji kingine zaidi ya 50 f/1.8, awe mita 2 hivi kutoka kwa mteja. Lenzi ya zamani ya mkono inaifanya kazi hiyo miaka na miaka.

Anayetaka "hamsini" yake irudi kama alivyoizoea, anunue 35 f/1.8 ya DX (yaani ya sensa ndogo) kwa Nikon, inayoona kama 52. Kwa Canon, ile ya EF-S 24 f/2.8 inaona kama 38. Ni pana kidogo, nzuri kwa mtaa na stendi ya matatu.

Mpiga harusi aweke pesa kwenye 17-50 f/2.8. Tamron na Sigma walizitengeneza kwa maunti za Canon na Nikon, na inafunika kama 26 hadi 75. Kanisani ambako flashi hairuhusiwi, f/2.8 na ISO 1600 au 3200 zitakuvusha. Nyumba ndogo zikiwa nyingi katika kazi yako, ongeza 10-18 ya Canon au 10-20 ya Nikon, lakini usiweke watu pembeni kabisa mwa fremu. Watanenepa, na picha utarudishiwa.

Anayekwenda Nairobi National Park ana bahati ya sensa ndogo. Lenzi ya 70-300 inafika kama 450, na kwa wanyama walio karibu na barabara hiyo inatosha. Lenzi za zamani za 500 zenye vioo vya kuakisi ni f/8 isiyofungika. Ni nyepesi, bei yake hushawishi, lakini kila mwanga ulio nyuma ya simba unageuka pete kama donati.

Sensa kamili inunuliwe na yule ambaye ana lenzi pana tatu au zaidi za filamu, zenye maunti inayoingia, na ambazo zimepita ukaguzi wa hatua ya 4. Gharama ya bodi itakuwa juu, lakini hutanunua lenzi.

Zinazobaki zihifadhiwe kwenye sanduku la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vipakiti vya silika, hasa kuanzia mvua za Machi hadi baridi ya Julai. Mikoba ya ngozi weka kando, hiyo ndiyo shamba la kuvu. Kila miezi miwili zitoe, zungusha kila pete hadi mwisho na kurudi, na ubadilishe vipakiti au uvikaushe juu ya sufuria kavu kwa moto mdogo, mbali na lenzi.